Haiba ya Mwera

Litembo,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kaka Ildefonsi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Mbamba Bay, wewe na wifi Aurelia, na kwamba lile jino lililokuwa linamnyima raha limeshang'olewa. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, anakusalimu, na anauliza kama ile dawa ya kifua uliinywa au uliiweka tu dirishani.

Uliniomba kwa simu nikuandikie maelezo ya haiba ya Mwera, shujaa wako, uyaweke mwanzoni mwa kitabu cha saba, kwa kuwa mimi ndiye niliyehudhuria semina ya haiba pale parokiani. Kazi hiyo nimeichelewesha, nawe umekuwa mvumilivu. Leo naifanya. Utaona mwenyewe kama inafaa kuchapwa.

Sista Rosina alitufundisha kwamba watu ni wa aina nne. Sangwini hupenda watu na vicheko. Flegmatiki ni mpole, hana haraka na dunia. Melankoli huwaza sana na huumia moyoni. Koleriki ni mtu wa moto: akiona ameamua, akiamua ametenda. Mwisho alitaka kila mmoja achague mtu wa kwenye hadithi na kumpima. Nikasimama na vitabu vyako vyote sita mkononi. Niliwaeleza kwamba Mwera umempa jina la upepo unaopindua mitumbwi ziwani, kwamba ngumi zake zinapasua mwamba, na kwamba ni koleriki mtupu. Nikawaonyesha ukurasa ule anapomkamata jambazi gatini na kumpigiza kichwa kwenye nguzo hata meno yanaruka majini. Nikawaonyesha na ule wa stendi, anapomvunja mtu mikono yote miwili kabla abiria hawajajua kaiba nini. Vijana walipiga makofi. Luisa peke yake, yule muuguzi, ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema amevisoma vyote na hajaona hata mahali pamoja ambapo Mwera anamuuliza mtu swali. Nikamjibu kwamba anayeuliza huchelewa, na aliyechelewa haokoi mtu. Watu wakacheka, nami nikaketi nikijiona nimeshinda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne yake, kwenye saa tano asubuhi, nilikuwa barazani kwenye cherehani nikishona sare za kwaya. Henry wa baba mdogo alikuwa na wenzake hapo jirani, kwenye kijiwe cha bodaboda, wakisubiri abiria. Wiki hiyo kulikuwa na uvumi kwamba watoto wanaibwa. Hakuna aliyeweza kumtaja hata mtoto mmoja aliyepotea, lakini kila mtu alikuwa amesikia. Basi akatokea mwanamume anapanda kilima mbio, jasho linamtiririka, amembana kifuani mtoto wa kike wa kama miaka mitatu. Mtoto alikuwa anatupatupa mikono na miguu, kichwa kimeangukia nyuma. Sauti ya mwanamke ikapasuka: "Mwizi wa mtoto! Mkamateni!"

Vijana walitoka kijiweni kama nyuki waliochokozwa. Mmoja alimpokonya mtoto. Henry ndiye aliyepiga wa kwanza, kwa helmeti, sikioni. Yule mtu alianguka kwa magoti, akawa anasema kitu kwa Kimpoto, pumzi imemkatika, mdomo umeshajaa damu. Nilisikia neno moja tu, hospitali. Wakampiga kwa mawe ya barabarani, kwa mnyororo wa pikipiki, kwa mpini wa jembe. Nilisikia mkono wake ukivunjika, kaka. Mfupa unalia kama ukuni mkavu. Alijikunja akinge kichwa, wakamkunjua, wakaendelea. Mzee Tarsisi wa dukani alijaribu kuingia kati, akasukumwa mtaroni. Watu waliokuwa wanapita na madebe ya mahindi walitua mizigo, wakatafuta mawe.

Luisa alikuwa anakwenda kazini. Alipomwona mtoto mikononi mwa kijana yule, alimchukua, akamlaza ubavu, akapaza sauti: "Huyu ana degedege! Nani kamleta?" Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja. Aliyemleta alikuwa pale chini, jicho moja limefumba, la pili halionekani kwa damu.

Aliitwa Cuthbert, mkulima wa Tingi. Mtoto ni wa dada yake. Pikipiki iliyowabeba iliharibika njiani, naye akaona kusubiri ni kumwua mtoto, akakimbia naye mlimani zaidi ya saa nzima. Mtoto amepona, ameshaanza kuomba uji. Cuthbert alikufa Alhamisi bila kufumbua macho.

Siku hiyo hiyo dada yake, Beata, alikuja barazani kwangu. Alikuwa ameelekezwa kwa fundi wa karibu. Alileta shati jeupe la kaka yake la kwendea kanisani, lina vifungo viwili pungufu, akaomba nivishone kabla mwili haujasafirishwa. Alikaa kwenye benchi akanisubiri. Akaniambia kwamba Cuthbert alikuwa mtu wa kucheka ovyo, hata msibani, mpaka wazee wanamkanya. Nikajisemea moyoni, sangwini. Vifungo viwili vilinichukua muda mrefu kuliko suruali nzima. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Polisi wamemchukua Henry na wenzake watatu. Walipomuuliza nani alipiga kelele, alisema alisikia sauti ya mwanamke tu, hakumwona. Amesema uongo. Alinitazama machoni kabla hajainua helmeti.

Kaka, sauti ile ilikuwa yangu.

Si hilo tu. Ngumi ya kwanza ilipotua, nilifurahi. Nilisimama barazani mwangu na tepu shingoni, nikajiona nipo ndani ya ukurasa wako, mimi niliyeona, mimi niliyeokoa. Na neno lile hospitali nililisikia mapema, Cuthbert akiwa bado kwa magoti, angali mzima. Ningepiga kelele ya pili wangenisikia, kama walivyoisikia ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nisingependa kuwa nimekosea mbele ya watu.

Usidhani nakulaumu. Kalamu ni yako, kinywa ni changu. Lakini haiba ya Mwera sasa naijua, na ukitaka uiandike hivi: ni mwoga. Anapiga kwa sababu hawezi kukaa na kutojua, hata kwa muda wa swali moja. Sista Rosina hakutufundisha aina hiyo, ila nimeiona, na ina sura yangu.

Kesho asubuhi nakwenda polisi kuandika maelezo. Baada ya hapo nitakwenda Tingi kwa Beata, kama nitaruhusiwa kwenda popote. Mama nimemwambia leo tulipotoka misani. Hakulia wala hakunigombeza. Alikwenda kugeuza kahawa kwenye kichanja, akakaa huko muda mrefu, kisha akarudi akaniambia nivae sweta mbili, maana sakafu ya mahabusu ni ya saruji.

Nakuomba upande huku kabla ya mwisho wa mwezi ukae naye. Kahawa bado ni nyingi mitini, na hatakubali kuomba msaada kwa majirani, hasa sasa. Msalimie sana wifi, umwambie asinichukie haraka. Wasalimie na wote wa hapo gatini wanaonikumbuka. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Lidia