Bodi Mbili kwa Mahari Moja

Malindi, Machi 1989

Mpendwa Bi Kuluthumu,

Baada ya salamu naomba msaada wako, tena upesi, maana mwenzio hapa nilipo chakula hakipiti wala usingizi hauji, na nikimsimulia mtu kisa chenyewe ananicheka mpaka anashika mbavu, lakini wallahi si cha kucheka.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, kibanda changu kiko karibu na soko la Malindi, na Mungu akijaalia Mfungo Mosi namuoa Mastura binti Abdillahi wa Mambrui, msichana aliyesomea kupiga chapa na kompyuta huko Mombasa, na alipoulizwa mahari yake, kama ilivyo haki yake, hakutaja dhahabu wala kitanda wala kabati la kioo, alisema anataka kompyuta, tena ya nguvu, niiunde mimi mwenyewe kwa mikono yangu, afungue ofisi yake mjini awapigie chapa wenye mahoteli asimtegemee mtu. Babake akacheka, kisha akaona binti hacheki, akaridhia, na mimi kwa furaha nikakubali palepale bila kuuliza zaidi.

Basi Bi Kuluthumu, ndani ya kompyuta mna ubao mmoja mkubwa wa kijani, wenyewe huuita madabodi, sisi huku twasema bodi tu, na kila kitu huchomekwa juu yake, ukikosea bodi umekosea yote. Kosa langu nikaitaja hiyo bodi mbele ya wazee. Ami yangu Mahadhi, nduguye marehemu baba, akasema kijana wake hapitwi na mtu, akaagiza kwa mwanawe aliyeko Dubai, ikaja bodi ya 386, namba ya juu kabisa siku hizi, ndani ya katoni ya tende, mpya, nzito, ukiiona utaipenda. Mjomba Msellem, nduguye mama, kusikia hivyo akapandwa na hasira, akasema tangu lini mpwa akaoa mjomba asitie mkono, akenda Mombasa mwenyewe akarudi na 286, namba ya chini yake, ndogo, nadhifu. Sasa ile ya ami ina kasi ya ajabu, lakini inataka kadi yake maalumu ya kumbukumbu, nimeulizia Mombasa na Nairobi hakuna, na ile ya mjomba kasi yake ni ya wastani lakini chipu zake za kumbukumbu zipo tele. Na kompyuta moja hukaa bodi moja, hakuna mbili.

Wazee wakakutana sebuleni kwetu kuchagua, wala mimi fundi sikuulizwa. Ami akaja na mizani ya dukani kwake akazipima, yake ikazidi, akasema, "Haya, mmeona wenyewe, mizani haina jamaa." Mjomba akaruka, "Alaa! Bwana Mahadhi, unapima bodi kama unapima samli? Hebu tuhesabu miguu ya chipu!" Wakahesabu, wakabishana, wakavaa miwani wakahesabu tena. Shangazi Tumu naye akaingia na chetezo, akazifukiza udi zote mbili kukinga hasadi, kisha akatoa chupa ya marashi, mimi yarabi nikaruka kuzikinga, nikaangukia sinia la kahawa na kanzu yangu ya Ijumaa, na marashi yakaingia vilevile. "Wewe mtoto una nini," akaniambia, "kitu cha harusi kitoke nyumbani bila kunukia?" Mpaka leo bodi zote zanuka halwaridi, na ami anasema yake inanukia zaidi.

Walipotawanyika ami akanivuta pembeni. "Mwanangu, ikikaa bodi isiyokuwa yangu, siku ya nikahi mimi niko Marereni kwenye mashamba ya chumvi, naitazama ikikauka." Nikamwambia ami, yako ndiyo itakayokaa. Mjomba naye akanishika mkono msikitini, machozi yanamlenga, akasema nikiitupa bodi yake nimemtupa mama yangu, nikamwambia mjomba, tulia, yako ndiyo.

Ndipo nikapata rai. Nilikwenda kwa Kitsao seremala anichongee kasha la mvule lenye ghorofa mbili, juu bodi ya mjomba, chini bodi ya ami, moja ifanye kazi na nyingine ikae tu kama mgeni, na kila ghorofa niitie waya za uongo na taa nyekundu ili kila mzee akija kutazama aione yake inawaka. Kitsao amelimaliza, tena amelitia nakshi ya maua pande zote, lakini halinyanyuliki ila kwa watu wanne, na mlangoni halipiti. Yeye anashauri tuvunje ukuta.

Juzi Mastura akamtuma mdogo wake Zuleikha kuniuliza kompyuta imefika wapi. Nikajibu, "Iko ghorofa ya pili." Tangu hapo sijapata salamu kutoka Mambrui, wala vile vibiskuti vya vileja alivyokuwa Mastura akiniletea, na nasikia babake anasema kama mahari yenyewe ni mzaha basi na harusi ingoje. Bi Kuluthumu, nampenda msichana huyu, nikimkosa sijui nitaishi vipi. Niambie bodi ipi ifanye kazi na ipi ikae bure?

Tafadhali usilitaje jina langu, maana ami husomewa gazeti hili dukani kwake kila Jumamosi, na mjomba hulinunua.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Dhiki, Malindi

*

Fundi Mwenye Dhiki,

Pole, mwanangu. Nilikuonea huruma mpaka nilipofika ghorofa ya pili, hapo huruma ikanitoka.

Umeniomba nisilitaje jina lako na sikulitaja. Lakini wewe umemtaja ami na duka lake, mjomba, shangazi, seremala, bibi arusi, babake na mji wao. Hapo Malindi mafundi wangapi wana kasha la mvule lisilopita mlangoni? Ukiyasoma haya, ami keshasomewa na mjomba keshanunua gazeti lake, na kila mmoja anajua ulimwahidi mwenziwe. Usinikasirikie. Hilo ndilo ulilokuwa ukilikimbia, sasa limekwisha. Nenda leo ukawaombe radhi wote wawili pamoja, chumba kimoja. Wakisusa, waache wasuse. Vitisho vya kususa harusi nimevisikia tangu ningali msichana, na bado sijamwona mzee aliyesusa biriani.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako ni ndefu kuliko hotuba ya Idi. Ami kasema, mjomba kasema, shangazi kasema, hata Kitsao kashauri ukuta uvunjwe. Mastura kasema nini? Tangu bodi zije, umemuuliza lini? Mahari ni ya nani, ya ami yako? Mimi nilipoolewa nilitaja cherehani. Wazee wa upande wa mume wakashindana nani ataleta kubwa, nikaletewa cherehani ya kushonea turubai. Iko ukumbini mpaka leo, ina nguvu ajabu, na sijaishonea hata foronya. Bwana mwenyewe alikuwa akijua, akanyamaza kuwaridhisha wazee. Hilo la kunyamaza ndilo lililoniuma, wala si cherehani.

Wewe ni fundi, tena naona ni fundi mzuri, maana umenieleza mimi nisiyejua kitu nikaelewa. Mweleze na yeye vivyo hivyo. Hii ina kasi lakini kadi yake haipatikani, hii haina mbio sana lakini ikiwashwa inafanya kazi. Huenda akaitaka ya ami na akawa tayari kungoja kadi, huenda akaitaka ya mjomba aanze kuwapigia chapa watu wa mahoteli wiki ijayo. Amesomea hayo, na ofisi ni yake. Bodi atakayoiacha irudishe kwa mwenyewe kwa heshima na shukrani, na wala usiifiche mvunguni.

Kabla ya kwenda, ng'oa hizo waya za uongo na taa nyekundu, uzitupe. Bodi zisafishe kwa spiriti na brashi laini, zianike kivulini, usizitie umeme mpaka ziwe kavu kabisa, na chetezo kisikae nazo chumba kimoja. Kasha mwachie Shangazi Tumu atie nguo, na kwa kompyuta ya mahari nunua kasha la bati kama watu wengine.

Kisha kanzu ifuliwe itoke kahawa, mchukue shangazi akusindikize bila chupa yoyote, mwende Mambrui. Zitie bodi zote mbili kwenye sinia, zifunike kitambaa safi, ziweke mbele ya Mastura na wazazi wake wakisikia. Msimulie yote, ahadi mbili, ghorofa mbili, taa na waya, usipunguze hata moja kwa sababu ni la aibu. Ukimaliza funga mdomo. Usimwambie ami angependa nini wala mjomba atalia vipi.

Na usikae hapo ukidhani umempelekea vitu viwili achague kimoja. Na wewe umo kwenye sinia hilo, na anaweza akazichukua bodi zote mbili akakurudisha wewe.

Bi Kuluthumu