Udongo wa Timothy

Walukuba, Jinja
8 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Nulu,

Assalaam alaikum. Kabla ya lolote nakuuliza hali. Unalala? Unakula? Mgongo ule uliokusumbua kwa kuwainua wazee kazini umepoa? Na mume wako Timothy, yu hali gani? Sisi huku tupo. Nikisema wazima utajua nakudanganya, lakini tunaamka, tunapika chai, siku inapita. Alhamdulillahi.

Nakuandikia Kiswahili kama marehemu baba alivyotuzoesha tulipokuwa watoto katika kota za magereza. Kisoga changu ni cha mdomo, kwenye karatasi kinanikataa. Na nimechagua barua kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia wote wawili, halafu laini inakatika.

Ulipata habari ya kifo cha mume wangu, lakini hukupata kusikia ilivyokuwa. Zubairi alikwenda kwa utulivu. Sukari ilikuwa imeshamchosha sana. Asubuhi ile aliomba uji, akanywa vijiko viwili, akasema unanuka moshi. Nikaenda jikoni kuuongezea maziwa. Niliporudi alikuwa amegeukia ukuta, kama mtu aliyechoka na mazungumzo. Ni hayo tu.

Tulimpeleka Mbale siku ile ile, tukamzika Nabuyonga nyuma ya nyumba yao, kando ya mama yake. Afande Romano, yule rafiki wa baba wa magereza, alitungojea kando ya barabara Bugembe, na miguu yake ile mibovu, akapanda gari nasi.

Pale Bugembe kibanda chake cha ushonaji bado kimefungwa. Kwenye cherehani kuna suruali ya mtu, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Mwenyewe amesema hana haraka.

Sasa nije kwenye jambo la Timothy. Ujumbe wako wa mwisho uliniumiza. Umesema tangu kura ile ya maoni haendi tena mikutanoni kwao, hapokei simu, anakaa nje na mbwa tu. Na kwamba hatakuja kwenye arobaini ya mwanyumba wake Zubairi, mwenzake wa kuoa kwetu, kwa sababu hataki tena kusimama mahali pa watu wengine akingoja kukubaliwa. Nulu, tafadhali msomee barua hii, umtafsirie polepole.

Mwambie Zubairi aliifuata kura ile kuliko uchaguzi wetu wowote. Aliwaeleza wateja huku ana pini mdomoni: Australia wanaulizwa kama wenyeji wa asili, watu wa Timothy, watambuliwe katika katiba, wawe na chombo chao cha kupeleka neno bungeni juu ya mambo yanayowagusa. Kwake haikuwa habari ya mbali. Unamkumbuka mama yake, Cherop. Alikuwa wa watu wa mlimani, wale waliotolewa msituni Elgon. Alikuwa akisema mikutano juu ya msitu wao ilikuwa mingi, ila wao waliitwa mwishoni, kuja kuambiwa kilichoamuliwa. Zubairi alikua na maneno hayo.

Lakini alikuwa na kosa moja, na lilituchekesha. Alidhani huko mnapiga kura kama sisi tunavyomchagua mwenyekiti wa LC hapa mtaani, mnajipanga mstari nyuma ya mtu wenu. Watu wa Timothy na mstari wao, waliokuja baadaye na wao. Akaamini kabisa kwamba mstari wa wenye nchi utahesabiwa kwanza. Afande Romano akawa anamchokoza kila akipita kibandani.

"Bwana Zubairi, mstari wa watu watatu na mstari wa watu mia, nani anashinda?"

"Inategemea nyumba ni ya nani, afande."

"Hesabu haijui nyumba."

"Basi hesabu haina adabu!"

Siku ya matokeo alikuwa ameshalazwa kitandani hapa nyumbani. Redio ilitoa habari kabla hatujala chakula cha mchana. Wengi wamesema hapana, na kila jimbo limesema hapana. Hakuniomba nizime. Alisikiliza mpaka wakafika kwenye mpira.

Jioni Afande Romano akaja. Niliogopa atamtania. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mstari ulikuwa mrefu sana, bwana."

Zubairi akauliza, "Na mwanyumba wangu alikuwa amesimama wapi?"

Afande akaichukua kofia yake, akaivaa.

Kesho yake akaniita mimi na mdogo wake Nasif. Akasema siku atakapozikwa, Timothy awekewe udongo wake. Unajua ilivyo kwao, kila mwanamume wa nyumba hutia konzi tatu kaburini, na aliye mbali huwekewa zake mpaka aje azitie kwa mkono wake mwenyewe. Mama Cherop alipofariki walimwekea kaka yao Wanyera, aliyekuwa jeshini. Aliporudi udongo ulikuwa umekuwa mgumu kama tofali, ikabidi auponde kwa vidole huku analia.

Nasif akasita. "Lakini kaka, Timothy si Mwislamu."

"Nimekuuliza dini yake? Nimekuambia mkono wake."

Basi siku ya maziko, kabla mtu yeyote hajatia, Nasif alichota konzi tatu akaziweka katika kopo la vifungo la Zubairi. Mzee wa msikiti aliuliza ni za nani, akaambiwa za mwanyumba wake aliye Australia. Akasema, "Haya, zihifadhiwe vizuri."

Kopo lipo Nabuyonga, dirishani kwa wifi yetu Khainza. Na Khainza unamjua, hawezi kuona udongo bila kupanda kitu. Juzi, kabla sijarudi Jinja, Nasif aliingia akamkuta ameshika mche wa kitunguu, kidole kimeshazama koponi. Akapiga kelele, "Dada! Huyo ni Timothy!" Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilipomaliza kucheka nikaona vibaya.

Nilifikiria kuutuma kwa posta. Halafu nikakumbuka ulivyonieleza kuhusu uwanja wa ndege wa huko, walivyokunyang'anya simsim yako na kukagua hadi nyayo za viatu wakitafuta udongo. Basi udongo hauwezi kuja kwenu. Ni mkono ndio uje.

Nulu, mkumbushe siku ile mliyokuja, tulipokwenda mtoni. Sote tulikimbilia maji, Timothy akabaki kwenye majani. Akauliza wenyeji wa mto huu ni nani, apate kuwaomba kwanza. Tukatazamana kama wajinga. Zubairi akanisukuma mbele: "Huyu Msoga. Muulize huyu." Mimi na ndala zangu na mfuko wa maandazi, nikajikuta naisemea Busoga nzima! Nikamwambia, "Karibu, gusa." Akainama, akanawa uso, na ile kanzu aliyoshonewa kwa vipimo vya simu ikapanda hadi magotini. Mwezi mzima Zubairi aliniita Mheshimiwa.

Usiku ule, baada ya kulala wote, mume wangu aliniambia hakuna mtu aliyewahi kuomba ruhusa kwa watu wa mama yake namna ile.

Sitamwambia Timothy asihuzunike. Mimi bado naipunguza redio sauti nikipita chumbani, nisimwamshe mtu ambaye hayupo. Wala simwambii kwamba siku nyingine watasema ndiyo, kwa sababu sijui watu wa huko. Namwambia ninachokijua. Juu ya kaburi, upande wa kichwani, wanaume waliacha shimo dogo hawakulisawazisha. Watu wakipita huuliza kwa nini, na Nasif huwajibu kwamba hapo ni pa mtu. Hatukumuuliza yeyote kama anakubali au anakataa.

Arobaini itakuwa mwanzoni mwa Desemba. Akishindwa kuja wakati huo, kopo litangoja kama la Wanyera lilivyongoja.

Khainza anakusalimu sana, na ameapa hatapanda kitu. Nasif anamsalimu shemeji. Wanyera naye anakupa pole. Afande Romano amekuja sasa hivi, amenikuta naandika, akaniambia niweke neno lake: siku Timothy atakapofika kaburini yeye atasimama nyuma yake, na Nasif nyuma ya Romano, na mimi mwanamke nitasimama barazani nikiwaangalia. Anasema mstari umeshaanza, mwenye kusimama mbele tu ndiye hajafika.

Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, awape usingizi, na safari ikiwepo aifanye nyepesi.

Mimi dada yako nikupendaye daima,

Nusifa