Mazuku Ndani ya Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Kengele ya mbuzi. Ililia mara moja kule shimoni, nyuma ya shamba la bibi upande wa Goma, kisha kimya. Nilikuwa mdogo. Bibi alinishika gauni nisimfuate. "Mazuku," alisema. Hewa nzito, isiyo na harufu, inayolala mabondeni na kuua. Shule ilinipa jina lake jingine: kaboni dioksidi.

Leo, katika maabara ya chuo, nimebadilisha maji ya chupa zangu kama kawaida. Mwani wa Ziwa Kivu. Unakula hewa ile ile na kutoa oksijeni. Hewa ya sayari ya Mirihi karibu yote ni mazuku. Watakaoishi huko watapumua kwa mwani.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa maabara amesoma mradi wangu. Anataka nifute Mirihi, niandike chakula cha samaki. Mazuku, anasema, ni neno la wachawi. Nikikataa, nitoe chupa zangu ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo, na shahada ningoje mwaka mwingine.

Namchukia. Sijafuta kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevuka mpaka kutoka Gisenyi kwenda Goma. Nimesimama ukingoni mwa shimo lile la mbuzi, nikateremsha mpira mrefu wa maji, nikavuta kwa pampu mpaka tyubu ya gari ikajaa.

Nikirudi, kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, askari akaibonyeza.

"Iko nini ndani?"

"Hewa."

Foleni nzima ikacheka, askari naye. "Bon, kwenu Gisenyi hewa ilikwisha?"

Nikapita. Wangejua ni hewa gani, wasingecheka.

Shangazi, ninayekaa kwake mtaa wa Mbugangari, Gisenyi, hakucheka. "We! Kitu iliua mbuzi ya mama, unaileta mu nyumba yangu?"

Nimeiacha uani.

Jumapili, 9 Machi

Kijiti chenye kaa jekundu nilikiingiza kwenye hewa ya tyubu. Kikazimika papo hapo. Hewa iyo hiyo nikaipuliza kwenye chupa moja ya mwani niliyoitoa maabara, nikaifunga, nikaiweka juani.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua chupa mbele ya shangazi. Nikaingiza kijiti chenye kaa. Kikawaka moto, ghafla, mweupe: oksijeni. Shangazi akaruka nyuma, kisha akasogea.

"Donc mazuku yako inapumulika."

Nimelia. Kwa hasira, si kwa furaha.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imepita. Chupa zimepangwa dirishani kwa shangazi, kando ya sufuria zake. Vipovu vinapanda polepole. Mirihi ingali kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi. Mazuku pia.

Ufunguo wa maabara nimeurudisha asubuhi.