Mtaalamu na Kadi Yangu ya Kliniki

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ya wajawazito. Miezi mitano sasa. Foleni sikupanga — mpima damu wa pale ni mume wangu. Mtaa mzima unamwita Mtaalamu. Kanitoa damu mwenyewe, kanijazia kadi mwenyewe: malaria hasi, kaswende hasi, damu ya kutosha. "Uko safi, mama." Raha ya kuolewa na maabara!

Alhamisi, 7 Machi
Mtaalamu anachechemea. Eti kateleza kazini. Mbona anakalia upande mmoja tu? Kaniletea vidonge, vya kuongeza damu, anasema. Juzi si ilikuwa ya kutosha? Na vya damu navijua. Hivi vina rangi mbili, vimeviringishwa kwenye karatasi, boksi hakuna. Kasimama mpaka nikameza. Lini amewahi kunisimamia?

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwuliza jina la dawa. Kacheka, kasema mimi nishone nguo, yeye apime damu. Haya. Lakini fundi cherehani anaujua mshono uliofumuliwa ukashonwa upya. Nimeiinua kadi dirishani. Penye kaswende pamekwanguliwa kwa wembe, "hasi" imeandikwa juu yake. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda zahanati ya mbali, asikojulikana. Masaa matatu kwenye benchi. Kaswende: chanya.

Muuguzi, mama mtu mzima, hakunifokea. Kasema isipotibiwa inamfikia mtoto humo humo tumboni. Mimba inaweza kutoka, au azaliwe mgonjwa, au azaliwe amekufa. Nikamwonyesha vile vidonge. Akavisukuma pembeni: hivyo havimlindi mtoto, kinachotakiwa ni sindano, na hatujachelewa. Kanichoma pale pale, takoni. Nimetoka nachechemea — kumbe ndiko alikoteleza Mtaalamu! Yeye kajichoma, mimi na mwanawe katupatia vidonge ili nisiulize. Nina hasira.

Jioni
Muuguzi alinipa barua ya kumwita mume. Inasema tu afike zahanati Jumatano. Ugonjwa haikuutaja, sindano haikuitaja. Nimemwekea mezani. Kaisoma wima. Hakuuliza nilifuata nini kule. Kauliza:

"Wamekuchoma ngapi?"

Nikamjibu moja, zimebaki mbili. Nikamwuliza amejuaje kama ni sindano.

Kakaa mbele yangu, anaikunja barua, anaikunjua. Naandika huku namtazama. Sasa kafungua mdomo, anasema nisimwambie mama yake —