Kulungu wa Kuja

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, Frere Town yote inanuka udongo.

Wewe utakayefungua kurasa hizi, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja. Huu ni wakati wa vita, na karani wa stoo ya wanamaji kule Mtongwe haruhusiwi kupiga soga na mabaharia. Leo nimepiga.

Lakini hofu yangu kubwa si hiyo. Ni Mzee Karisa wa Kisauni, baba yake Kadzo. Jumapili iliyopita nilikwenda kumposa binti huyo.

"Kwenu wapi, kijana?"

"Frere Town, mzee."

"Hapo ndipo mnapolala. Mimi nauliza kwenu. Koma zenu, mizimu ya wazee wenu, ziko wapi? Nikimwaga tembo la mnazi, niwaite wazee gani?"

Wajomba zake Kadzo wakaangua kicheko. "Mtu wa kuja huyo! Kapakuliwa melini kama gunia la mchele!"

Kadzo, nyuma ya mlango, hakucheka.

Kesho natakiwa nirudi na jibu. Nisipokuwa nalo, nimemkosa.

Bibi yangu Luisa alishushwa hapa akiwa mtoto, ametolewa mikononi mwa wauza watumwa. Jina la kijiji chao lilimpotea. Alikumbuka harufu ya ziwa tu. Nami usiku huitamani harufu hiyo, nisiyoijua.

Leo baharia mmoja, mtu wa kisiwa cha barafu huko kaskazini, alinionyesha picha ya wanyama mfano wa kulungu, pembe zao kama matawi makavu. Akasema si wa asili ya kisiwa. Zamani waliletwa kwa meli kutoka Norwe ili wafugwe. Hawakufugika. Walikimbilia milimani, wengi wakafa kwa baridi na njaa, na waliosalia hufukua theluji kwa kwato wapate cha kula.

"Hawatamani kwao?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nina homa. "Kwao wapi tena? Mama zao wamefia pale pale."

Nilirudi mezani, nikayaandika maneno yake.

Mama zao wamefia pale pale.

Basi kesho nitamwambia Mzee Karisa, akimwaga tembo, amwite Bibi Luisa wa Frere Town. Hana haja ya kumtafuta mbali; kaburi lake liko hapa hapa. Sijui kama atakubali. Naogopa mno. Nitakwenda.

Nawe ukitaka kunipata, usiulize karani. Pita mnara wa kengele, shika njia ya makaburini, utafute msalaba uliopandwa asumini. Nyumba inayoutazama, piga hodi.

Hapo ndipo kwetu.