Maziko Tuliyokubaliana Yafanyike Oktoba

Matane, 4 Novemba

Mpendwa ndugu yangu Normand,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu niliporudi kutoka jijini Quebec. Umepiga simu mara kadhaa, nami niliisikia ikilia. Natumaini hujambo huko Alberta, mgongo umetulia, na mkeo amepona kikohozi.

Kama ujuavyo, nilikwenda kwa Ghislaine kwa mambo mawili: kumzika Mama, na kukiona chumba alichoniandalia nikiuza nyumba yangu na kuhamia kwake. Mama alipofariki Januari, ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Tulikubaliana sote watatu kwamba mwili uchomwe na majivu yake yangoje hadi Oktoba, wakati wa kuvuna matufaha, azikwe kisiwani tulikokulia, kando ya Baba, kama alivyotaka mwenyewe.

Dada yetu alinipokea vizuri kupita kiasi. Chumba ni kizuri na kinatazama mto. Alinizungusha mjini juu ya kuta za kale, akinishika mkono kwenye ngazi. Njia zilijaa wageni walioshuka melini, wakipiga picha kila jani jekundu. Akanitania kwamba nilikuwa nikitembea nyuma yao kama msimamizi wa mtihani. “Waache wapumue, Mwalimu, hakuna anayeibia hapa!” Nilicheka. Nilipouliza habari za maziko, akasema tule kwanza. Kesho yake akasingizia mvua. Siku iliyofuata alinipeleka Cap Tourmente kuwatazama bata bukini weupe, maelfu kwa maelfu wakipiga kelele matopeni, na nilipouliza tena akasema, “Dada jamani, Mama hana haraka.”

Jumamosi tukavuka daraja la kisiwani. Alilipita kanisa la Saint-Jean, alikozikwa Baba, bila kupunguza mwendo. Nikamwambia arudi makaburini. Alidai kwamba njaa inamuuma, akaegesha gari mbele ya kibanda cha matufaha cha Laurette, yule jirani niliyesoma naye darasa moja.

Laurette alinikumbatia na kumshukuru Mungu kwamba nimepona. Nikamwuliza nimepona nini. “Si ulikuwa umelazwa, mwenzangu, siku tuliyomzika mama yako? Juni ile, jua zuri ajabu! Tulilia, tukacheka, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Umekonda, lakini hujaharibika!”

Ghislaine alikuwa ameinamia kikapu, akichagua matufaha kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwake.

Garini nilimtaka anieleze. Alisema, bila kunitazama, kwamba kwenye misa ya Januari nilimkatiza padri mbele ya waombolezaji, kisha nikamrudisha mjukuu wake aanze upya somo alilokuwa akilisoma huku analia. “Tulitaka kumlilia Mama bila kusahihishwa, dada. Mara moja tu.” Nilimjibu kwamba padri alikosea umri wa Mama, na kwamba somo la kanisani husomwa kama lilivyoandikwa. Ningemjibu hivyo hivyo leo.

Ndipo aliponipeleka kaburini. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuota.

Labda hadi hapa unadhani ninamshtaki Ghislaine kwako. Sivyo. Laurette, akinifungia matufaha, aliniambia jambo moja zaidi: kwamba Normand wetu ndiye aliyebeba majivu kutoka kanisani, na akayashusha kaburini mwenyewe. Mwezi ule wa Juni uliniambia kwamba umekwenda kaskazini kuvua samaki. Ghislaine anasema kila mmoja wenu alikuwa akimngoja mwenzake aniambie ukweli. Lakini Septemba, Normand, ulinituma nimpelekee Mama maua kwa niaba yako, kwa kuwa hungeweza kuja kumzika. Niliyanunua. Niliyapakata basini kutoka Matane hadi Quebec, saa zote zile, yasivunjike.

Uongo wa Ghislaine ninaujua: ni wa mtu anayeogopa ugomvi. Wako sijui niuiteje.

Mnunuzi wa nyumba yangu anangoja jibu, na Ghislaine amekiacha kile chumba kikiwa kimetandikwa. Sijui kama naweza kuketi meza moja na mtu aliyemzika mama yangu kwa siri, wala kama nataka kuzeekea hapa peke yangu na baridi hii. Nikishaamua nitakuandikia. Hadi hapo usipige simu.

Msalimie mkeo na wanao, ambao sina neno nao.

Dada yako,
Rolande