Nimefika Vidoleni

S.L.P. 41,
Quthing, Lesotho.
9 Machi 2019

Mpendwa shemeji Puleng,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe na watoto? Miguu bado inakuvimba? Dada yako Malikeleli ni mzima, ila amekonda kwa kunigeuza kitandani.

Mimi, shemeji, naisha. Kifua kikuu kilichonila uti wa mgongo kiliondoka na miguu. Sasa hata kukohoa siwezi. Daktari hakunificha. Nilimwomba asimwambie dada yako.

Lineo wa zahanati huja kunifundisha kupumua. "Ntate, baba yangu, vuta moea mpaka tumboni. Haya, uachie wote." Unajua kwetu moea ni pumzi na ndiyo roho. Dada yako akaruka na mwiko mkononi: "We binti! Asiachie wote! Abakishe!" Tulicheka mpaka nikapaliwa.

Kisha nafumba macho, napitisha mawazo mwilini kuanzia utosini, nikitulia kila mahali. Lineo alisema wazi kwamba hilo hutuliza moyo, haliponyi uti. Dada yako alisikia safari tu. Kila asubuhi huniuliza, "Ntate, leo umefika wapi?"

Ukweli ni kwamba sijawahi kupita kifuani. Chini ya hapo ni kama kuita kwenye nyumba iliyohamwa. Lakini siku moja nilimwona amechoka mno, nikasema, "Kiunoni." Akapiga vigelegele. Baadaye nikasema magotini. Juzi nilimkuta akilia kimyakimya, nikamwambia, "Nimefika vidoleni."

Puleng, ameninunulia viatu. Amemwahidi mchungaji kwamba Pasaka nitasimama kanisani. Majirani wanakuja kunipongeza, nami, mwalimu wa sayansi, nawaitikia.

Sidhani nitaiona Pasaka. Lineo bado anakuja, nami bado napumua anavyoagiza, kwa adabu tu.

Njoo mapema. Hakuna cha kuniokoa. Njoo umwambie dada yako ukweli wewe, maana mimi nimejaribu na ulimi haukuinuka. Ila mwambie nikingali hai. Ataghadhibika, na ghadhabu hiyo ni haki yangu. Akija kujua baada ya mimi kuzikwa, atamgombeza nani?

Nisalimie mumeo Retselisitsoe na mama mkwe wako Mampolokeng. Mungu awafunike nyote, hata mimi nisipokuwepo wa kuwaombea.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Seabata